Rangi za maji Rwenzori: barua ya ruhusa ya kuchora inaandikwa na nani?

Neema, Ntinda:
Ndugu, hamjambo. Mimi Mtanzania, kibali changu cha kazi bado kinafanyiwa upya, mkononi nina risiti tu. Ofisi moja imeikataa: nilipe kiingilio cha hifadhi ya Rwenzori kama mgeni asiye mkaazi, na kwa kuwa nabeba ubao na rangi, nilete barua ya ruhusa ya kuchora. Tunaanza kupanda kutoka Nyakalengija, chini ya mlima, katikati ya Januari. Barua hiyo huandikwa na nani?

Baraka, Kasese:
Pole dada. Mtanzania analipa kiwango cha EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki), kibali hakihusiki. Onyesha pasipoti. Kuhusu rangi: kambi ya Elena, mita 4,541, maji ya brashi huganda usiku. Tia waragi, ile pombe kali, kipimo kimoja kwa maji vitatu, yatahimili hadi karibu nyuzi 4 chini ya sifuri. Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba.

Mzee Shabani, Jinja:
Baraka, usimpoteze mtoto wa watu. Waragi ukizidi, gundi ya rangi hujikusanya chembechembe na brashi ya manyoya hukakamaa. Adui wa Rwenzori ni unyevu. Tepu haishiki karatasi iliyolowa. Chukua vibanio vinne vya kuibana ubaoni. Rangi ya kwanza haikauki, ukipitisha ya pili kivuli cha theluji kinakuwa tope. Theluji ni weupe wa karatasi yenyewe, usiuguse. Kivuli ni buluu ya ultramarini na kahawia kidogo mno, mkono mmoja, basi. Na uchore alfajiri. Saa nne mara nyingi ukungu umeshakifunika kilele cha Margherita.

Baraka:
Mzee, nimesema kimoja kwa vitatu, sikusema nusu kwa nusu. Dada, gambuti ni lazima, kinamasi cha Bigo njiani ni matope matupu. Kambi ya Bujuku hadi Elena ni karibu mita 580 za kupanda. Kichwa kikiuma Bujuku, lala hapo hapo siku ya pili.

Zuhura, Mbarara:
Mchoreni Stanley, mlima wenye Margherita, upesi, jamani. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kilomita za mraba 7 na zaidi, sasa haifiki moja. Na Kibo yetu ya Kilimanjaro inakwenda hivyo hivyo. Asubuhi ya Moshi wingu likifunguka, kile cheupe juu ya migomba! Nimepakumbuka mno.

Neema:
Ahsanteni. Pasipoti ninayo. Na barua je?

Mzee Shabani:
Vibanio viwe vya chuma kisichoshika kutu. Vya kawaida huacha alama nyekundu pembeni mwa karatasi, na haitoki.