Kuingia msitu wa Rondo bila kufuata njia, nani amewahi? Tuko wanne, tunatokea Mtwara mjini

KoroshoGhafi

Habari za jioni wakuu, shikamooni mliotangulia. Naomba msinicheke kwanza.

Binamu yangu yuko Perth kule Australia, wiki iliyopita kanitumia video anatembea na wenzake kwenye pori la mikaratusi, sio hii yetu ya kupanda mipakani hapana, mikaratusi ya zamani kabisa ambayo haijawahi kuguswa na msumeno, na hamna njia wala kibao, wanapita tu katikati ya miti, dira mkononi, mmoja anatangulia wengine nyuma. Hiyo video nimeiangalia mara sita. Nikawa najiuliza, sisi kila wikiendi ni bichi Shangani au kula samaki Mikindani, na hapo juu mkoani Lindi kuna msitu wa Rondo tunausikia tu kwa jina.

Sasa tumejipanga watu wanne. Pikipiki mbili mpaka Mtama, tunapanda Mnara, asubuhi tunaingia msituni, tunakata bila njia, tunalala humohumo, kesho yake tunatokea upande wa pili. Ramani nimeshaipakua kwenye simu haihitaji bando. Ninachotaka kujua, inawezekana? Mivule ile mikubwa ya zamani bado ipo? Na tuende mwezi gani? Nataka hasa kuona mti ambao babu wa babu yangu angeukuta vilevile.

MzeeWaPanga

Marahaba kijana. Inawezekana, ila sio kwa huo mpango.

Kwanza Rondo sio pori la kijiji la kuingia unavyotaka, ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Unaenda ofisini kwao unaomba kibali, unasema mko wangapi na mnaingia wapi, na unapewa mtu wa kuongozana nao. Ukikamatwa ndani na panga bila karatasi utaeleza mpaka ulimi ukauke kwamba ulikuwa unatalii, nani atakuelewa? Wakata mbao wote wanasema wanatalii.

Pili hilo neno "tunakata bila njia". Miaka ya nyuma niliwahi kufanya kibarua cha kufyeka mkuza, ile njia ya mpaka wa hifadhi, kwenye misitu ya huku, tuko vijana sita na mapanga yamenolewa vizuri, kuna sehemu tulianza saa moja asubuhi mpaka jua linasimama tulikuwa hatujafika mita mia tatu. Sio utani. Misitu yetu ya pwani chini kumejaa vichaka na kamba za porini, unatoa mguu huu unanasa huu, na miba inashika shati kama mtu anakudai. Unaweza kuwa hatua kumi kutoka kwa mwenzako humuoni, unasikia tu anavyotukana. Kuna sehemu ziko wazi ndio, chini ya miti mikubwa penye kivuli kizito vichaka havioti, hapo unatembea kama uko msikitini. Halafu ghafla unagonga ukuta tena.

Mivule: ilivunwa sana kule enzi za Mwingereza, na baadaye sehemu ikapandwa mitiki na misindano, mpaka leo lipo shamba la miti. Kwa hiyo usishangae ukianza kuona miti imesimama kwenye mistari kama gwaride, hiyo sio asili. Mivule ya asili ipo ipo, lakini utaona visiki kwanza.

Nyama_ya_Mgongo

Watu wanne wa mjini, usiku, Rondo 😂😂 komba akilia mara moja tu mtakutana Mingoyo mnakimbia kwa miguu pikipiki mmeziacha.

MwanaMtama

Mzee hapo juu kaongea lakini tusiwatishe sana vijana. Dunia ya leo GPS ya simu inasoma hata mtandao usipokuwepo, unaweka alama pale ulipoacha pikipiki na ukitaka kurudi unafuata mshale. Mimi nimetembea mapori ya Nachingwea kutafuta ng'ombe waliopotea na simu hii hii ya laki mbili, sijawahi kulala nje.

Mmakonde_Perth

Wakuu salaam kutoka mbali, sio mimi binamu yake 😀 ila naishi huku mwaka wa nane na hizo safari nimezifanya. Ngoja nieleze kwa nini video inadanganya.

Mashariki ya Perth ukienda ndani kuna mapori ya mikaratusi ya asili wanayaita Great Western Woodlands, kama hekta milioni 16 hivi, yaani nchi nzima ya pori. Mvua kule kidogo sana, kwa hiyo miti inasimama mbalimbali, ina mashina laini, mingine rangi kama samaki wa pinki ukimpasua, na chini ni udongo mwekundu na vichaka vidogo vya kufika magotini. Unaona mbele mita mia. Ndio maana wanatembea bila njia na dira tu, unachagua mti kule mbele kwenye mwelekeo wako, unaufikia, unachagua mwingine. Kichaka cha Rondo utachagua mti gani wakati unaona majani ya puani tu?

Na hata huko wana mambo yao. Mkaratusi mzee unaangusha tawi bila taarifa, hata siku ambayo upepo hamna, tawi zito kama nguzo ya umeme, kwa hiyo hakuna anayeweka hema chini ya mti mkubwa hata kivuli kiwe kitamu vipi. Yale matawi ya zamani yana mashimo wanalala kasuku na popo, na shimo kama hilo linachukua miaka zaidi ya mia kutokea, ndio maana mti mzee wakiukata watu wanalia kama msiba. Kabla ya kuingia unasugua viatu kwa brashi na dawa, kuna ugonjwa wa mizizi unasafiri na tope la kiatu unaua miti. Na kila kundi lina kifaa kidogo cha dharura, ukivunjika mguu unabonyeza kinatuma ishara kwenye satelaiti wanakuja. Hicho binamu yako hajakionyesha kwenye video.

Kuhusu simu, nakubaliana nusu na MwanaMtama. Chini ya majani mazito inayumba, inakuambia uko hapa kumbe uko pembeni, na ukiiwasha siku nzima saa tisa imezima. Beba dira ya kawaida na pawabenki.

BintiRutamba

Asalaam aleykum. Mimi nimekulia Rutamba, na naona wanaume mnaongea dira na satelaiti kama hamna bibi zenu.

Bibi yangu, Mmwera halisi, alikuwa anatupeleka kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, kiangazi. Ming'oko haioti njiani, inabidi uingie, unatafuta kamba yake imeshajikausha imezunguka kijiti, unaifuata kwa vidole mpaka inapoingia ardhini, hapo ndio unachimba taratibu na kijiti kilichochongwa maana ukikosea unaukata katikati. Sasa mtu anayeangalia kamba chini masaa manne mazima ataachaje kupotea? Bibi hakupotea hata siku moja. Kila akipita anavunja kijiti, hakiachi kikaanguka, anakikunja tu kininginie, na upande wa chini wa majani ule mweupe unaangalia kule tulikotoka. Ukigeuka unaviona vile vyeupe vinakuita. Tena alikuwa anageuka nyuma kila baada ya muda anakaa anaangalia, anatuambia wajukuu zangu njia ya kurudi ina sura yake, sio sura ya kwendea.

Na jua msilitegemee bila akili. Mwezi wa saba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, sawa. Lakini karibu na tarehe ishirini mwezi wa kumi huku kwetu saa sita jua liko utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga, hakikuambii kitu. Bibi saa hiyo anasema tukae tule.

Kwa hiyo KoroshoGhafi nenda mwezi wa saba au wa nane, hamna mvua, barabara ya kupanda haitelezi. Lakini huo ndio msimu wa upupu umekauka, mikono mirefu, shati lifungwe mpaka shingoni. Ukikugusa usikune, na usikimbilie kujimwagia maji, paka majivu au udongo kwanza usugue utoke.

Kama mnataka kuonja kwanza njooni Litipo, ni msitu mdogo karibu na ziwa letu, ukipotea utatokea tu kwenye shamba la mtu. Na huko pia kibali mnaomba, msinitie aibu.

KoroshoGhafi

Nimenyooka 🙏 Kulala nimefuta. Wenzangu wanauliza kuhusu simba na tembo, mmoja mke wake kagoma kabisa.

MzeeWaPanga

Mke wake ana akili. Simba wa kusini wana historia, kati ya 1990 na 2004 Tanzania nzima waliuawa watu zaidi ya 500, na wengi ni ukanda wetu huu wa kusini. Lakini wengi hawakukutwa wakitembea msituni mchana, walikutwa shambani wakati wa mavuno, wamelala kwenye vibanda wanalinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, nguruwe anakuja kwa mahindi na simba anakuja kwa nguruwe, mtu yuko katikati. Tembo ndio wa kuulizia siku hiyohiyo, siku hizi wanatembea mbali na makao yao, muulize mwenyeji kabla hujashusha begi. Mkiona kinyesi cha moto, mnarudi, hamna picha.

Kuhusu komba Nyama_ya_Mgongo usidharau, Rondo kuna kakomba kadogo mno, uzito kama gramu 60, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, wanasayansi wamekapa jina la Rondo yenyewe. Hako hakalii kama mtoto, kana sauti yake ya kukatakata.

Nyama_ya_Mgongo

Gramu 60 na uraka, pombe ya mabibo, anakunywa? Au kulewa kama komba ni kwa wale wakubwa tu

KoroshoGhafi

Wakuu narudi na mrejesho, tumeenda Jumamosi iliyopita, tukabaki watatu (yule wa mke kagoma alibaki kweli).

Kibali tulipata, tukaongozana na mzee mmoja mwenyeji, kandambili miguuni, sisi tuna mabuti. Tumeingia saa mbili kasoro tumetoka saa kumi, na kwa mstari wa ramani tumekwenda kilomita mbili na kidogo. Siku nzima! Maji lita nne kila mtu yaliisha yote, na humo ndani hatukukuta kijito hata kimoja.

Saa tano hivi mzee akaniambia kijana haya tangulia wewe, si una simu. Nikatangulia kwa mbwembwe. Kama dakika arobaini nimekazana, naangalia mshale, nakwepa kichaka kushoto, nakwepa kamba kushoto, mbele nikaona kichuguu kikubwa kina shimo ubavuni, nikasema hiki kizuri ngoja nipige picha. Nikafungua simu nikakuta ninayo picha yake tayari. Kichuguu kilekile. Mzee hakusema neno, kaegemea mti anatafuna kijiti. Baadaye akaniambia mtu akikwepa siku zote anakwepa mkono uleule, wewe wako ni kushoto.

Mvule tuliuona. Kwanza kisiki, kipana tukakaa watatu na begi katikati, pembeni kimeota matawi mapya unene wa paja, juu ya kisiki kumejaa majani yaliyooza na kamche ka kitu kingine kameota humo. Halafu kama hatua sitini mbele mmoja umesimama, mzima. Tulijaribu kuukumbatia watatu mikono haikukutana. Mzee akasema huu waliuacha kwa sababu umepinda kule juu, mbao yake isingenyooka. Nikatazama juu, kweli umepinda.

BintiRutamba vile vijiti vya bibi yako nilivitumia kurudi, nilivunja tangu tunaingia, na wenzangu walinicheka asubuhi, jioni hawakucheka.

Tatizo ni upupu. Mimi nilipona ila mwenzangu begi lake lilipita mahali, tumefika nyumbani kaliweka kitandani, mpaka leo nyumba nzima inajikuna na mama yake hanisemeshi. Begi tunalifanyaje?

BintiRutamba

Kitandani jamani 😂 Mpe mama pole zangu. Begi litoeni nje upande ambao upepo unaondoka nyumbani, msilikung'ute mkiwa mmesimama mbele yake. Lisugueni na udongo mkavu mara mbili tatu, mtu avae glovu, halafu ndio mlifue. Shuka na yenyewe vilevile. Godoro sijui niwaambie nini.

MwanaMtama

KoroshoGhafi na simu ilifika saa ngapi?

KoroshoGhafi

Saa nane na dakika kumi ilizima. Na pawabenki ilikuwa kwenye lile begi.