Tupeane uzoefu: siku mlima, maji au ardhi ilipokugeukia

Mkazi wa bondeni (Dar)

Wakuu, habari za jioni. Mvua zimeanza tena huku kwetu, na kila zikianza silali vizuri, ndiyo maana nafungua mada hii. Aliyepitia janga lenyewe, iwe mafuriko, maporomoko, tetemeko, kimbunga, ukame au volkano, naomba asimulie. Ila msiishie kwenye "ilikuwa hatari sana". Tuambieni dalili gani ilitangulia, na zile dakika za kwanza watu walifanya nini. Taarifa ya habari hutuhesabia marehemu na nyumba zilizobomoka. Dakika za kwanza haizigusi, na mara nyingi humo ndimo mtu anapona au haponi.

Naanza. Desemba 2011 nilikuwa nimepanga bonde la Msimbazi, upande wa Jangwani. Mvua ya tarehe 20 ile ilisemwa kuwa haijanyesha ya namna yake Dar tangu 1954, na watu wapatao 40 walifariki. Sisi wa bondeni tulizoea maji ya magotini: unapandisha godoro juu ya meza, unasubiri yapite. Siku ile maji yalianza kutokea chooni na kwenye chemba, kabla hatujauona mto ukipanda. Mzee mmoja aliyekaa pale tangu ujana wake alipoyaona hakubishana na mtu. Alipita akigonga milango: "Tokeni, acheni vyombo." Tuliomsikia tulipanda barabarani na watoto mgongoni. Waliobaki kuokoa vyombo, wengi wao walimalizia juu ya mabati wakipunga nguo waonekane. Baadaye watu wa bonde walipewa viwanja Mabwepande.

Mama wa Katesh

Poleni wote. Mimi ni wa Katesh, Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023.

Usiku mvua ilinyesha sana, na hilo peke yake halikututisha, maana ulikuwa msimu wa El Niño na redio zilishatutangazia. Mlima wetu una zaidi ya mita 3,400, makorongo yanashuka kutoka huko kila mvua zikija, tumezaliwa tukiyaona. Asubuhi mapema, wengine wakijiandaa kwenda kanisani, nikasikia mngurumo kutoka juu, mfano wa malori mengi yanayopandisha kwa gia ya chini. Radi hunguruma ikakatika. Huu haukukatika, ulizidi kusogea. Vyombo vikaanza kugongana kabatini. Baba watoto akatoka kuangalia, akarudi mbio: "Mama, beba watoto, hayo siyo maji, ni tope!"

Tope lile lilibeba mawe makubwa na miti mizima pamoja na mizizi yake. Ndani ya maji mtu anaweza kupapatika akashika kitu. Tope linakushika miguu kwanza, halafu linakuletea gogo. Ninalotaka kila anayeishi chini ya mlima alisikie ni hili: sisi tulikata ubavuni, tukapanda kilima cha pembeni. Waliokimbia kushuka na barabara, tope liliwafuata humo humo, kwa sababu nalo linatafuta njia nyepesi. Niliwaona kwa macho yangu nikiwa juu, nikawaita, sauti haikufika.

Watu 89 walifariki. Vijiji vya Gendabi na Jorodom viliumia vibaya sana, na pale mjini maduka ya sokoni yalijaa tope. Jirani aliyekuwa akiniletea maziwa alipatikana mbali kabisa na kwake, tukamtambua kwa shuka lake. Vijana wa jeshi walichimba, na wenyeji tulichimba kwa majembe na kwa mikono.

Mitaani ikasambaa kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa miamba walikuja wakaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kuhimili uzito, ikameguka. Waliopoteza makazi walihifadhiwa mashuleni, kisha wengine wakajengewa nyumba Waret. Ya kwangu ilibaki. Kupita penye viwanja vya majirani mpaka leo ni kazi.

Mkazi wa bondeni (Dar)

Pole sana mama. Wanyama walionyesha chochote kabla? Watu husema mbwa hujua.

Mama wa Katesh

Mbwa walibweka usiku, lakini mbwa wa kwetu hubweka kila usiku, fisi wapo. Sitakudanganya mwanangu. Mngurumo usiokatika, hiyo ndiyo dalili ninayoijua.

Ngosha wa Kahama

Naleta ya Mwakata, kijiji cha huku kwetu Kahama, maana naona imesahaulika kabisa. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015.

Mvua ya mawe Usukumani tunaijua, inachana majani ya tumbaku, inakwisha. Ile ilikuja na upepo mkali na haikukwisha haraka. Tena kilichoua siyo mabonge peke yake. Nyumba nyingi kijijini zilikuwa za matofali mabichi. Barafu ikarundikana chini ya kuta, maji yakalowesha tofali kuanzia msingini, ukuta ukawalalia watu vitandani. Zaidi ya watu 40 walikufa katika usiku mmoja. Mjomba wangu aliwasukuma watoto wote chini ya kitanda cha mninga, ukuta ukaangukia kitanda, kitanda kikabeba. Watoto wale sasa ni vijana wakubwa.

Asubuhi ardhi ilikuwa nyeupe, na mahindi hayakubaki hata bua. Dalili niliyoiona mimi ni baridi ya ghafla, mtu unatafuta blanketi mwezi Machi. Ukiwa na uwezo wa kuchoma tofali, choma. Ukikosa, basi angalau msingi uwe wa mawe na maji yasituame ukutani.

Mwana Goma

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Goma, Kongo, mtaa wa Majengo, chini ya volkano ya Nyiragongo. Januari 2002 nilikuwa mtoto. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na mji ukajengwa upya juu ya jiwe lile lile jeusi. Nyumba yetu ya sasa imesimama juu ya lava ya 2002.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ilipokuwa nyekundu, wageni ndio walioogopa kwanza. Sisi tulizoea kuuona wekundu wa juu ya mlima usiku mwingi tu, ni mwanga wa lile ziwa la moto kileleni. Mama yangu ndiye aliyetazama vizuri akasema wekundu umeteremka, uko ubavuni. Hapo hapo akafunga mtoto mgongoni. Hakuna tangazo lililotutangulia, watu walipigiana simu. Kila mtu barabarani na godoro kichwani, bidoni (dumu) ya maji mkononi. Wengi walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, sisi tulielekea Sake kwa miguu. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kumeza vijiji na kukata barabara ya Rutshuru.

Tulirudi tukidhani imekwisha. Ndipo ardhi ikaanza kutetemeka mchana na usiku, nyumba zikapasuka huku Goma na kule Gisenyi, na tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa 10 ihame. Hofu ilikuwa kwamba lava inatembea chini ya mji kuelekea ziwani, na Ziwa Kivu lina gesi nyingi kilindini. Safari hiyo ya pili ndiyo iliyotawanya watoto. Mdogo wangu alipotea kwenye msongamano, tukampata kwa mama mmoja wa kanisa aliyekuwa amewakusanya watoto na kuwaandika majina ya wazazi mkononi kwa bic. Mama yule Mungu ambariki. Tangu siku ile watoto wa kwetu wamekaririshwa namba ya simu ya baba na ya mama.

Na kitu kingine: ukikimbia volkano usilaze watoto kwenye shimo au bondeni. Mazuku hukaa huko chini, hewa isiyo na harufu, inaua mbuzi na mtu akiwa amelala.

Ole wa Kajiado

Hamjambo. Langu halikuwa na dakika za kwanza. Mvua ilikosa mwisho wa 2020, ikakosa tena, hadi misimu mitano mfululizo. Dalili ya kwanza kwangu ilikuwa bei, siyo mbingu: madalali walianza kukataa ng'ombe waliokonda. Mzee mmoja wa boma jirani aliuza nusu ya kundi mapema, bei ikiwa bado nzuri, watu wakamsema vibaya. Sisi tulihamisha ng'ombe mbali kufuata nyasi, wakafia njiani. Kila asubuhi kazi ya vijana ilikuwa kuwainua waliolala, mmoja mkiani, wengine mbavuni. Asiyesimama hadi jua kali, basi. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Baba yangu aliacha kula kabla chakula hakijaisha. Ukame ni janga, hata kama hakuna video yake.

Bint Mwambao (Muscat)

Nakuunga mkono kaka wa Kajiado, na pole kwa mzee. Mimi niko Oman. Kimbunga Gonu, Juni 2007. Tumezoea wadi, yaani mabonde makavu ya mito, zikijaa, lakini maji yale yaliingia mtaa wa Qurum yakabeba magari na kung'oa barabara. Watu wapatao 50 walikufa. Kimbunga kilipoondoka tatizo likawa maji ya kunywa, maana mji unakunywa maji ya bahari yaliyosafishwa, na mitambo ilizimika. Bibi yangu, aliyekulia Unguja, alikuwa amejaza mapipa na kila sufuria tangu alipoona bahari imebadilika rangi. Jirani zetu walikunywa kwetu. Sasa kila utabiri ukitoka, naanza na mapipa.

Mhaya wa Hamugembe

Bukoba, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu mchana, ukubwa 5.9. Tetemeko halina dalili, naomba msidanganyane. Mke wangu alikuwa uani anamenya ndizi na watoto wanacheza nje, ndiyo salama yetu. Ingekuwa saa nane usiku nisingekuwa naandika hapa. Ihungo na Nyakato, shule tulizozionea fahari, zilipasuka.

Mvuvi wa Mafia

Na sisi tuliopona kwa sababu ya tangazo tuhesabiwe. Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya hali ya hewa ilitangaza mapema, BMU, kikundi chetu cha kusimamia ufukwe, ikapita na spika, mashua zikavutwa juu, hata boti za Zanzibar zikasimama. Upepo ulipofika tarehe 4 ulikata minazi na mapaa, na kule Somanga barabara ya Lindi ilikatika, mabasi yakakwama pande zote mbili. Lakini wenzangu wa bandarini wote tupo. Mtu akisikia tangazo lile asiseme "wanatutisha tu".

Mwana Goma

Kuna ndugu wa Kalehe, kwetu Kongo, humu? Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, Mei 2023, zaidi ya watu 400 walikwenda na maji na ulimwengu ukageukia habari nyingine. Na wa mafuriko ya Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024. Karibuni, tunawasubiri.