Leseni ya paka Nairobi, shilingi 200 kwa mwaka: mnaunga mkono au mnapinga?

Mkaazi wa Umoja
Wadau, mmeuona ule muswada wa kaunti ya Nairobi wa kudhibiti na kutunza wanyama? Ukipita ulivyo, mwenye paka atakata leseni ya shilingi 200 kila mwaka, aonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, jike akiwa anataka dume afungiwe ndani, na paka asipige kelele za kusumbua majirani. Mimi naunga mkono mia kwa mia. Ploti yetu huku mtaani Umoja ina paka saba au wanane wasio na mwenyewe. Usiku wanapigana juu ya mabati utadhani kuna mtoto anachinjwa. Pipa la taka kila asubuhi liko chali. Hatutaki Nairobi igeuke Lamu, mtu hawezi kula samaki barazani bila kuzungukwa na paka ishirini wenye upele. Toeni maoni kabla hatujaamuliwa.

Shume Mstaafu
Nauliza tu: ni nani atakayemsomea paka hicho kifungu cha kelele? Na akirudia kosa, askari wa kanjo watampandisha karandinga?

Mama Wawili
Naunga mkono chanjo, napinga leseni. Juzi nilimchanja wangu, na chanjo peke yake ilizidi hiyo mia mbili. Sasa mia mbili nyingine ni ya nini, kupigwa picha?

Mwana wa Amu
Mimi nilisoma hadi "paka wenye upele", sikuendelea. Ndugu wa Umoja, umewahi kukanyaga Amu, yaani hiyo Lamu yako, au uliiona kwenye simu? Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na watalii wanapiga picha za paka wetu kuliko wanavyowapiga picha wabunge wenu. Paka wa Amu ana shingo ndefu na miguu mirefu, wazee wanasema asili yake ni Misri, alikuja na majahazi. Na tangu lini sisi tukalalamika? Sisi tunalisha paka. Nyinyi huko bara mnawala, kwenye sambusa.

Mkaazi wa Umoja
Hayo ya sambusa yametoka wapi tena?

Mwana wa Amu
Yametoka Nakuru, 2018. Yule jamaa aliyekamatwa akichinja paka na kuwauzia nyama wenye sambusa. Au mmesahau?

Nakuru Damu
Haya, sasa nimeingia. Mtu MMOJA, alishikwa na wananchi wenyewe na akafungwa. Miaka imepita bado mnatutajia. Na mjue Nakuru si Nairobi, leseni yenu haituhusu ndewe wala sikio, kwa hiyo mtuondoe kwenye ugomvi wenu.

Shume Mstaafu
Nakuru Damu, usikasirike. Hata mimi baada ya ile habari nilikaa mwaka mzima nikila mandazi.

Wakili wa Mtaani
Kabla hamjafika kwenye maandazi: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya "udhibiti na utunzaji wa wanyama", "pamoja na" leseni za mbwa, zilizotajwa waziwazi. Paka hawakutajwa. Je, kaunti inaweza kuwaingiza paka kwa neno "pamoja na"? Nadhani inaweza, lakini ningependa mtu abishane nami.

Nakuru Damu
Na hata hivyo ni mandazi, si maandazi.

Shume Mstaafu
Mimi ndiye niliyeandika mandazi! Aliyeandika maandazi ni Wakili. Mshitaki yeye.

Bin Kombo
Turudi kwenye jambo la maana. Hicho kifungu cha kumfungia jike ndani kinanitia shaka. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhini. Kaunti inataka tufanye lile lile kisha itupe risiti.

Ukhti wa Eastleigh
Bin Kombo, umeikata hadithi katikati ya maana. Kosa lake ni kumnyima chakula. Ukimfungia siku chache ukampa maziwa na maji, kosa liko wapi? Na hadithi nyingine inasema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Wanazunguka, sawa, lakini haikusema wazunguke wakizaa kila kona.

Bin Kombo
Sikuikata. Nimeandika "hakumlisha", rudia kusoma.

Ukhti wa Eastleigh
Umeandika, kisha ukalirukia la kufungia. Ndiko kukata kwenyewe.

Mkaazi wa Umoja
Jamani, nimeuliza habari ya muswada wa kaunti, mmenipandishia mimbari.

Daktari wa Mifugo
Nafanya kazi hii, niruhusuni nirefushe kidogo. Kwanza, kichaa cha mbwa: duniani karibu asilimia 99 ya watu wanaokufa nacho waliambukizwa na mbwa. Paka anaweza kukipata na kukipitisha, kwa hiyo chanjo yake si mzaha, ila mpango wa Kenya wa kukitokomeza kufikia 2030 umejengwa juu ya kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Anayetaka kuokoa watu aanzie huko. Pili, kuzaana. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anaibeba kama siku 65, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Leseni haizuii hilo. Kinachozuia ni kumkamata, kumhasi, kumchanja na kumrudisha pale pale alipokuwa. Tunamkata ncha ya sikio ili asikamatwe mara ya pili. Ukiwaondoa wote bila kugusa taka, wageni watahamia mwezi ujao, maana chakula kiko pale pale. Tatu, Mwana wa Amu, mambo ya Misri nakuachia wewe na wazee, lakini paka wote wa nyumbani duniani wametokana na kimburu, paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na kimburu huyo bado anatembea porini humu humu Kenya. Tena hupandana na paka wa nyumbani.

Mwana wa Amu
Kwa hiyo daktari unasema paka wa Amu ni wa bara?

Daktari wa Mifugo
Katika yote hayo, umeona hilo tu?

Kinondoni Mjini
Salamu kutoka Dar. Wakuu, kuweni makini na hizi hesabu za kuondoa na kuleta wanyama. Zanzibar miaka ya 1890 waliletewa kunguru wa India ili wale taka. Leo kunguru yule yuko pwani nzima, anakula vifaranga, anakula mayai ya ndege wengine, na taka bado zipo. Ukiondoa paka, kesho utaletewa mnyama wa kula panya, na kesho kutwa wa kumla huyo.

Kisauni Juu
Kunguru usiseme! Huku Mombasa ananyakua chapati mkononi mwa mtoto. Na 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza kwamba wataondolewa kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Mimi bado nawaona wale wale juu ya mwembe wangu.

Shume Mstaafu
Uliwajuaje kuwa ni wale wale?

Kisauni Juu
Mmoja ana kilema cha mguu. Tunajuana.

Mama Wawili
Sasa, Mkaazi wa Umoja, hao paka saba au wanane wa ploti yenu hawana mwenyewe. Hiyo leseni atalipa nani? Mwenye kulipa ni mimi ninayemlaza wangu ndani, asiyewahi hata kupanda mabati. Nani atamfunga paka kengele, hasa yule asiye na jina?

Mkaazi wa Umoja
Wanao wenyewe, wanajificha. Kuna mama chumba cha 9 anawawekea ugali na vichwa vya omena kila jioni, ukimwuliza anasema "si wangu". Ukimlisha mnyama ni wako, ulipe.

Chumba 9
Nimetumiwa hii na binti yangu. Wewe si ndiye wa chumba cha 4? Nikuulize, tangu waje hao paka umeona panya? Kabla yao panya walikutafunia waya wa televisheni ukalia mpaka kwa mwenye nyumba. Na yule jike mweusi alizaa chini ya kitanda cha NANI?

Shume Mstaafu
Nimevuta kiti.

Mkaazi wa Umoja
Alijipenyeza dirishani. Sikumkaribisha.

Chumba 9
Na maziwa je, yalijipenyeza dirishani?

Kinondoni Mjini
Huyo jike mweusi, mmehakikisha ni paka? Huku kwetu paka mweusi akizalia chini ya kitanda chako, unamwita shehe kabla ya daktari.

Bin Kombo
Huo ni ushirikina, ndugu yangu.

Ukhti wa Eastleigh
Hapo tumekubaliana. Andikeni tarehe.

Wakili wa Mtaani
Nimeuliza swali la katiba, hakuna aliyenijibu. Naongeza la pili: kaunti ikimtaka leseni mtu anayelisha paka asiye wake, je, mlishaji ndiye mmiliki? Hapo ndipo muswada utakwama, si kwenye kelele.

Mwana wa Amu
Swali zuri. Sisi Amu jibu lake ni rahisi: paka ni wa mtaa. Mvuvi akirudi anamtupia matumbo ya samaki, madaktari wakija anakamatwa anahasiwa, jioni yuko barazani. Hana bwana na hana njaa. Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, lakini akipata samaki changu hakatai.

Nakuru Damu
Na bado hujaomba radhi kwa ile ya sambusa.

Mwana wa Amu
Nitaomba radhi yule wa Umoja akifuta "upele".

Mkaazi wa Umoja
Sifuti. Turudi kwenye mada.

Kisauni Juu
Mada ipi, kunguru?

Chumba 9
Basi kwa kuwa mko wengi hapa: vile vitoto vya yule jike mweusi ni vinne, vimeacha kunyonya, viwili vyeusi viwili madoadoa. Anayetaka aje Umoja. Wa sambusa msije.

Mama Wawili
Nachukua mmoja wa madoadoa. Jumamosi uko?

Chumba 9
Niko. Ukinikosa, gonga chumba cha 4, vitoto hulala kwake.