Kisima cha sola kinakata maji kuanzia Septemba: mgao tuupangeje?

MajiSingida:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na jumuiya za watumia maji. Kijiji kipo Singida, mvua ni msimu mmoja. Kisima kina mita 80, pampu ya sola imekaa mita 60, vilula vinne vya kuchotea maji na mbauti (birika) moja ya kunyweshea mifugo. Mvua zikichelewa, kuanzia Septemba pampu inakata mchana na maji yanatoka na mchanga. Mkutano ukiitishwa wafugaji wanavutana na akina mama. Tuanzie wapi?

FundiVisima:
Mkuu, kipimo kwanza, mkutano baadaye. Shusheni bomba la plastiki la inchi moja sambamba na bomba la pampu, likomee mita 59. Humo utepe wa kupimia kina cha maji unashuka bila kunasa kwenye waya. Pimeni mara mbili kwa wiki: alfajiri kabla pampu haijawashwa, na saa nane mchana ikiwa inavuta. Namba ya saa nane iandikwe ubaoni kilulani, kila mtu aione.

Mchanga unatokana na kuvuta kupita uwezo wa kisima. Maji yakishuka chini ya vichujio vya juu (sehemu za bomba la kisima zenye matundu ya kuingiza maji), yanaingia kwa kasi kupitia vichache vilivyobaki, yanakokota mchanga, na mchanga unakula mapanga ya pampu. Sola inazidisha tatizo: hakuna dizeli ya kununua, kwa hiyo pampu inavuta toka jua linachomoza na hakuna anayeshtuka. Washeni saa mbili hadi saa tano, pumzisheni kwa muda wa saa mbili kisima kijirudishe, kisha saa saba hadi saa kumi. Kihisi cha kuzima pampu kiwe mita 58.

Halafu pigeni hesabu. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni lita 1,800 kwa saa. Saa sita za kuvuta kwa siku ni lita 10,800. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, yaani yanatosha watu 432 tu. Ng'ombe 100 wa lita 35 kila mmoja wanakunywa maji ya watu 140.

MamaKamati:
Fundi kasema kweli, ila namba haiamui nani asubiri. Viwango vikubaliwe Machi maji yakiwepo. Oktoba ni ugomvi tu. Mfano: maji yakishuka hadi mita 54 mchana, mbauti inafunguliwa jioni peke yake; yakifika 57, inafungwa na kila kaya inapata ndoo nne. Lakini mkifunga mbauti bila kutaja lambo gani limetengwa kwa mifugo, kufuli litavunjwa.

Mkutano wa saa nne asubuhi unawakuta akina mama kwenye foleni ya maji. Itisheni saa kumi jioni, kitongoji kwa kitongoji. Na mjumbe wa wafugaji awe mmoja wa wanaoshusha utepe. Atakayeuona umeloa kwa macho yake ndiye atakayewaeleza wenzake.

MtendajiKata:
Nyongeza ya kisheria. Jumuiya yenu inatambuliwa na Sheria Na. 5 ya 2019, chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), lakini faini msizitoze kwa muhtasari wa kikao tu. Halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo, mkutano mkuu uijadili, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Bila hapo, mtu akigoma kulipa hamna pa kumpeleka. Kagueni pia kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Kati, ofisi ipo Singida mjini. Mtu akichimba kisima cha umwagiliaji jirani, daftari la vipimo ndilo mtakaloliweka mezani.

MajiSingida:
Shukrani sana. Utepe gani unafaa?

FundiVisima:
Wa chuma, mita 100. Ufute kwa maji ya klorini, paka chaki mita tano za mwisho, shusha. Ukishika 57 mdomoni mwa kisima na chaki imeloa mita 3, maji yapo mita 54.