Re: Bimkubwa anakuja London wiki moja, nianzie wapi?

> Shikamoo kaka. Bimkubwa wangu wa Ujiji anataka kuja mwezi wa sita, siku saba tu, hajawahi kupanda ndege. Nimeshaandika sehemu 22 za kumpeleka, naona kama wiki haitoshi. Ungeanzia wapi?

Marahaba mdogo wangu. Hiyo orodha yako imenikumbusha nilipokosea na wa kwangu mwaka juzi, maana nilimpokea Heathrow Jumamosi asubuhi katoka Kigoma mpaka Dar, Dar mpaka Addis, usingizi hajauona, na mi nikampitisha moja kwa moja mjini eti apaone kabla hatujaenda nyumbani. Tulipofika mtoni pale Westminster akakaa kwenye benchi, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akaniambia "mwanangu, macho yanaona ila kichwa hakipokei." Niliumia sana. Kwa hiyo futa. Siku ya kwanza ni ya kuoga, kula ugali na kulala, ya mwisho ni ya kufunga mabegi, zinabaki tano, na kila siku mpe kitu kimoja kikubwa tu, kinachobaki mtakiona dirishani kwenye basi.

Ila anza na visa. Maombi yanafunguliwa miezi mitatu kabla ya safari na majibu kwa kawaida yanachukua kama wiki tatu baada ya alama za vidole, na hizo vidole ni Dar, sio Kigoma, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi iweke kwenye bajeti mapema. Karatasi yoyote ya Kiswahili, barua ya mtendaji, hati ya nyumba, itafsiriwe, na mtafsiri aweke jina lake, tarehe, sahihi na mawasiliano. Wa kwangu anauza dagaa Kibirizi pale Kigoma, hana cha kuitwa hati ya mshahara, tukaweka leseni ya biashara, taarifa ya benki ya miezi sita na barua yangu inayosema wazi nani analipa nini na kwa nini lazima arudi. Usiandike maneno mengi, andika ya kweli yanayolingana na karatasi.

Mzigo: nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia kutoka kwetu, mwambie hata samli aiache. Mawese ayafunge mara tatu, yakimwagika begini nguo zote zimekwisha.

Usafiri ndo penyewe. Mabasi ya London hayapokei hela taslimu tangu 2014, unagusisha kadi, na kila mtu awe na kadi yake, huwezi kugusa moja kwa watu wawili. Kwenye basi unagusa ukipanda tu, kwenye treni unagusa ukiingia NA ukitoka, akisahau kugusa akitoka anakatwa hela zaidi. Mi nilimnunulia Oyster, kadi ya nauli ya London, nikamning'inizia shingoni. Stesheni nyingi za zamani ni ngazi tupu, magoti ya mama zetu unayajua, hivo kutoka Heathrow chukua treni ya Elizabeth line, ina lifti, halafu mjini tembeeni na mabasi. Namba 15 kutoka Trafalgar Square inapita kanisa kuu la St Paul's mpaka Tower, ile ngome ya zamani, mkae juu kule mbele kabisa, pauni 1.75 nilipolipa mimi, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena. Mama aliifurahia ile kuliko vyote nilivyokata tiketi.

Na sikiliza hili, mara moja tulipanda treni ya chini, mi nikaingia, milango ikajifunga, yeye akabaki nje. Namuona kwenye kioo anapunga mkono, treni inaondoka. Nilishuka kituo kilichofuata, nikarudi, nikamkuta palepale aliposimama, hajasogea hata hatua, kashika kadi yake. Ni kwa sababu asubuhi nilimwambia "tukipoteana usipande chochote, simama ulipo, nitarudi." Mwambie hivo kabla hamjatoka nyumbani, na namba yako iandike kwenye karatasi iwe mfukoni mwake, simu inaweza kuzima.

Swala pia panga. Kwetu saa moja jua limeshazama ziwani, huku mwezi wa sita Magharibi inaingia saa tatu usiku na dakika kama ishirini. Mama alikaa na udhu wake anachungulia dirisha anauliza "hili jua lina nini?" Chapisha ratiba ya msikiti umbandikie ukutani. Whitechapel, mashariki ya London, kuna msikiti mkubwa, chakula cha halali kibao, na Elizabeth line inasimama hapo.

Makumbusho kama British Museum ni bure, lakini hela yako itumie kanisa la Westminster Abbey, kiingilio karibu pauni 30, Jumapili watalii hawaingii. Mtu wa Ujiji lazima aone kaburi la Livingstone, yule mmisionari aliyewahi kukaa Ujiji, liko chini sakafuni katikati. Limeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu, nchi kavu na baharini. Nikamsomea mama, akauliza "mikono ya nani?" Nikamwambia watumishi wake Susi na Chuma na wenzao, walimbeba toka alikofia 1873, Zambia ya leo, wakapita Tabora mpaka Bagamoyo. Akatafuta majina yao juu ya lile jiwe, hamna. Akafungua viganja akawaombea wao, kimya kimya, watu wanapita. Mimi nakaa nchi hii miaka 11 sikuwahi kuuliza hilo swali.

> Dah, asante sana kaka. Orodha nimeibakiza na vitu vitano. Nguo je, mwezi wa sita si ni joto?

Ni joto kwako wewe uliyezoea. Nenda na sweta na soksi mpaka pale wanapotokea abiria, ushike mkononi, usiache kwenye gari. Wa kwangu alitoka na kanga mbili na kandambili, anatetemeka, na bado ananitafuta kwa macho anacheka.