Kuogelea Atlantiki mwezi Septemba: je, kimbunga kilicho mbali kina madhara?

Mama wa Entebbe anauliza:
Salaam kwenu nyote. Nimekulia Entebbe na nimeogelea katika Ziwa Victoria tangu utotoni, lakini baharini sijaingia hata siku moja. Septemba mimi na wanangu wawili, wa miaka 9 na 13, tutamtembelea dada yangu huko North Carolina, Marekani, ambaye nyumba yake iko karibu na ufuko. Amenieleza kwamba huo ni msimu wa vimbunga, ila kimbunga kikiwa mbali watu huendelea kwenda kuogelea kama kawaida, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Je, kimbunga kisichofika nchi kavu kinaweza kumdhuru mtu aliye ufukweni jua likiwaka? Na uzoefu wangu wa ziwani utanifaa kwa kiasi gani?

Mkazi wa Mbarara:
Dada, wasiwasi wako ni wa haki. Niliishi miaka sita katika jimbo hilo kabla ya kurudi nyumbani. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba, yaani wakati ule ule wa safari yenu. Mawimbi yanayosukumwa na kimbunga hutangulia mbele ya kimbunga chenyewe, na huweza kusafiri maelfu ya kilomita hadi kwenye ufuko ambao hauna wingu wala upepo. Mwezi Agosti 2025 kimbunga Erin kilipita baharini bila kutua Marekani, lakini makumi ya watu waliokolewa majini huko Wrightsville Beach, ufuko wa jimbo hilo hilo, kabla hakijakaribia. Hata kutazama tu kuna hatari: mwaka 2009, mawimbi ya kimbunga Bill yaliwazoa watu waliosimama juu ya miamba huko Maine, jimbo jingine la Marekani, na mtoto wa miaka 7 akafariki. Kwa hiyo usiulize kama mvua itanyesha. Uliza bahari imechafuka kiasi gani.

Mwalimu wa kuogelea, Kampala:
Naongezea kuhusu ziwa na bahari, kwa sababu hapo ndipo waogeleaji wetu hodari wanapojidanganya. Maji yanayorundikwa ufukweni na mawimbi makubwa lazima yarudi baharini, nayo hurudi kwa kupitia njia nyembamba, yakawa mkondo wenye nguvu. Mkondo huo waweza kufikia mita 2.4 kwa sekunde, mwendo ambao hata bingwa wa Olimpiki haufikii. Mahali pake mara nyingi huonekana shwari, peusi kidogo, kati ya mawimbi yanayovunjika pande mbili, na mgeni huchagua kuingilia hapo hapo akidhani ndipo penye usalama.

Mkondo haukuvuti chini; unakupeleka mbali. Kinachoua ni mtu kupambana nao akirudi moja kwa moja ufukweni mpaka nguvu zimwishie. Ukinaswa, elea chali, inua mkono uonekane, kisha ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi kwa kukata upande. Maji ya chumvi yatakubeba vizuri kuliko ya ziwani, na hiyo ndiyo faida pekee utakayoikuta kule. Ogeleeni palipo na waokoaji tu, na bendera nyekundu ikipepea msiingie, hata mkiona wengine wameingia.

Bibi wa Jinja:
Mwanangu, kwa nini watoto wasibaki tu maji yanapofika magotini?

Mwalimu wa kuogelea, Kampala:
Bibi, shikamoo. Siku ya kawaida ushauri wako ungetosha, lakini mawimbi ya kimbunga huweza kuvunjika pale pale ukingoni na kumbwaga mtu mzima mchangani kwa kishindo, akaumia shingo. Siku hizo watoto wabaki mchanga mkavu, mbali na maji. Tena Mama wa Entebbe, nakusihi: mtoto akivutwa, usijitupe majini nyuma yake bila chochote kinachoelea, kwa kuwa wazazi wengi wamezama kwa namna hiyo. Mwite mwokoaji, mtupie mtoto boya au hata sanduku la plastiki la kuwekea barafu lililofungwa vizuri, na usimwondolee macho.

Mama wa Entebbe:
Ahsanteni sana. Nimempigia dada yangu usiku huu huu ili anitafutie ufuko wenye waokoaji hadi mwisho wa Septemba, kwani anasema baadhi huondoka baada ya likizo za shule kumalizika.