Acheni kuwaambia vijana "endelea kutuma tu"! Miezi minane bila simu maana yake njia ni mbovu

Jamani, ushauri huu unaua watu. Kijana katuma maombi sitini ya kazi, hajapigiwa hata simu moja. Anawauliza wakubwa zake afanye nini, anaambiwa avumilie, Mungu atafungua mlango. Anarudi Wandegeya, hapa Kampala, kutoa kopi kumi za karatasi zilezile, na hela ya mama yake inaishia kwenye kopi na boda. Huko ni kumtelekeza mtoto wa watu!

Zitazameni hizo karatasi. CV ya kurasa tatu iliyochapwa kibandani: inaanza na "mchapakazi asiyehitaji kusimamiwa", inafuata dini, kabila, jina la baba, shule ya msingi. Kazi aliyowahi kufanya imefichwa ukurasa wa tatu. Vyeti vimepigwa picha kwa simu juu ya shuka la maua, kidole gumba kinaonekana pembeni, faili nane, megabaiti 30. Barua pepe nyingi hazipitishi mzigo unaozidi 25. Ombi linarudi, na mwenyewe hafungui kikasha akaona kwamba limerudi. Nani amemwambia? Hakuna.

Skani kwa programu ya bure ya simu, unganisha zote ziwe PDF moja isiyozidi megabaiti 2, ipe jina lako na jina la nafasi. Barua mbele, kisha CV ya ukurasa mmoja au miwili inayoanza na kazi unazozijua, vyeti nyuma.

Halafu tafuteni njia inakatikia wapi. Maombi ishirini bila simu, kosa liko kwenye karatasi au kwenye nafasi unazolenga. Ukiitwa usaili mara nne na usichukuliwe, karatasi ziache, fanya mazoezi ya kujibu na uwapigie wadhamini wako uliowaandika kwenye CV. Wengi huandikwa bila kuambiwa; mwajiri akipiga, namba imezimwa au mtu anasema "simkumbuki huyo".

Kazi za wilaya ndizo zinanitia hasira zaidi. Tangazo linasema wazi: Fomu Na. 3 ya Utumishi wa Umma, nakala tatu, kwa Katibu wa Tume ya Utumishi ya Wilaya. Kijana anapeleka barua na CV, anakatwa kabla hajasomwa, kisha mnamwambia ni ukabila. Ukabila upo, lakini fomu kwanza!

Na Kiswahili mnakiweka mstari wa mwisho kama kitu cha aibu! Mpakani Malaba na Busia malori yanaingia kutoka Mombasa mchana na usiku. Wakala wa forodha na mwenye ghala wanahitaji mtu wa kuelewana na dereva bila mkalimani. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, sehemu kubwa liko Tanzania. Kiandike juu kabisa, sema unakiandika au unakizungumza tu. Kama una ufundi, jisajili kwenye sajili ya vipaji vya mafuta na gesi ya Mamlaka ya Petroli ya Uganda.

Fundi asiyekuwa na cheti asitume CV kabisa. Achukue picha za kazi tatu, kabla na baada, aende asubuhi kwa msimamizi wa karakana mwenyewe.

Jibu la 1
Mkuu, umesahau wale wa "njoo ufanye majaribio mwezi mmoja bila malipo". Majaribio ni ajira! Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inaweka mwisho miezi sita, na kuongeza ni mpaka mfanyakazi akubali. Mshahara unalipwa tangu siku ya kwanza, na mwajiri anapeleka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yake pamoja na 5 ya mfanyakazi. Mtu akikwambia mwezi wa kwanza ni wa bure, muulize kwa maandishi ujumbe ubaki kwenye simu.

Mfungua uzi
Asante ndugu, hilo ni kweli tupu. Na wanaotafuta kazi za Uarabuni je? Wakala anadai "hela ya fomu" kwenye namba binafsi ya simu, kijana anauza mbuzi! Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuteni jina la kampuni kwenye EEMIS, mfumo wa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kama leseni haimo, au imekwisha muda, pasipoti yako usiiache hapo.